Dirisha Kipofu la Nyumba ya Trembath

Jumanne ile ilianza vizuri tu. Jua la Februari lilikuwa limeshapanda juu ya mji wa Bendigo, Australia, upepo wa kaskazini unavuma na vumbi lake, na Merle Trembath alikuwa jikoni akikata vitunguu na nyama za kujazia pasti, mikate ya nyama ya chakula cha mchana. Nje, juu ya jukwaa la mbao lililosimama usawa wa ghorofa, fundi wake Ottavio Furlan alikuwa akiimba, na alikuwa akiimba vibaya. Merle alimvumilia. Ottavio ndiye pekee aliyekuwa amebaki mjini kati ya mafundi lipu wanaojua kuchanganya chokaa ya kizamani kwa mkono, na katika Mtaa wa Hallam, ambako huwezi kubadili hata rangi ya mlango bila kibali cha wahifadhi majengo, fundi wa namna hiyo haachiliwi hivi hivi.

Nyumba ilijengwa mwaka 1887 na baba yake Bibi Loveday, bibi aliyemlea Merle. Mzee huyo alitoka Cornwall, Uingereza, akiwa hana kitu, akapata dhahabu chini ya ardhi, akataka kila mpita njia alijue hilo. Aliagiza jumba la Kiitaliano, akajengewa: mnara wa mraba, matao juu ya kila dirisha, vishikizo vya mbao vilivyochongwa chini ya paa, mitungi mikubwa ya lipu ukingoni huko juu. Matofali ya kawaida yalipigwa lipu na kuchorwa mistari ili yaonekane mawe. Mbao za msonobari zilipakwa rangi ili zionekane marumaru.

"Nyumba hii ni ya Kiitaliano kama mimi nilivyo askofu," Ottavio alikuwa akisema, na kila mara alicheka peke yake.

Uongo mkubwa kuliko wote ulikuwa dirisha la kulia ghorofani. Mbele ya nyumba kulikuwa na madirisha matatu marefu yenye matao, lakini la tatu halikuwa dirisha. Nyuma yake ilipita dohani kubwa ya moshi. Msanifu alitaka uso wa nyumba ulingane pande zote, kwa hiyo aliweka tao, fremu na kizingiti, kisha akaamuru vioo vichorwe kwa rangi nyeusi juu ya lipu. Mtaa mzima ulikuwa ukiliita dirisha kipofu. Merle alizaliwa humo miaka sabini na minane iliyopita, akafundisha hesabu miaka thelathini akirudi humo kila jioni, na aliipenda nyumba ile pamoja na uongo wake wote.

"Bi Merle!" Ottavio aliacha kuimba. "Njoo uone kitu."

Alipotoka nje alimkuta mpwa wake Glenn naye ndiyo kwanza anashuka garini. Ottavio aliteremka ngazi ya jukwaa akiwa ameshika kitu kwa kitambaa. Alikuwa anagonga lipu iliyopasuka chini ya dirisha kipofu, alisema, akasikia uwazi. Alipoufungua alikuta kishimo kilichojengwa kwa makusudi, na ndani yake hiki.

Kilikuwa kiatu cha mtoto, cha ngozi, cha mguu wa kushoto. Soli ilikuwa imelika upande mmoja. Kamba zilikuwa zimefungwa kwa fundo la kukaza, kana kwamba mguu ulikuwa bado umo.

Merle alirudi nyuma hatua moja.

"Lo, kitu cha makumbusho hiki!" Glenn alikichukua na kukipiga picha. "Nitawapelekea wale wa chama cha historia wakiweke kwenye kabati lao la kioo. Shangazi, kuna shida?"

Kulikuwa na shida. Merle alikuwa na miaka saba Bibi Loveday alipomwita chumbani na kumnong'oneza habari za kile kiatu. Nyumba mpya hujiwa na kitu, alisema. Hupita dohani, kwa sababu dohani haina mlango. Hutafuta mtu. Lakini kikikuta kiatu kilichoshika umbo la mguu wa mtu wa nyumba ile, hudhani kimempata mwenyewe, hujitumbukiza ndani, nacho hakijui kurudi kinyumenyume. Kwa hiyo watu wa Cornwall walipojenga walificha kiatu ukutani. Kile cha nyumba ya Trembath kilikuwa cha Loveday mwenyewe, alipokuwa na miaka mitatu.

"Na mwenye kiatu hapati kitu?" Merle mdogo aliuliza.

Bibi Loveday alichukua mkongojo wake. Tangu miaka mitatu hadi anaingia kaburini alichechemea mguu wa kushoto, na hakuna daktari aliyewahi kuona kasoro.

Hayo yote Merle angeyasema pale pale bustanini. Lakini Glenn alikuwa amekuja kumkumbusha habari ya Ijumaa. Saa nane mchana Ijumaa hiyo angekuja mtathmini wa huduma za wazee kuangalia kama bado anaweza kuishi peke yake katika nyumba ya ngazi kumi na tisa. Glenn ndiye aliyeomba tathmini hiyo. Mwezi uliopita Merle alisahau pasti kwenye oveni hadi kengele ya moshi ikalia, na Glenn hakuisahau. Mtathmini akiona hawezi, Merle angepelekwa nyumba ya wazee, na jumba lingeuzwa kwa watu wasiomjua Loveday ni nani. Sasa mwanamke wa miaka sabini na minane amwambie mpwa wake kwamba kile kiatu kimeshikilia kitu? Si angekuwa amemaliza kazi mwenyewe!

"Hakuna shida," alisema. "Kipeleke."

Ndivyo alivyokosea.

Jumatano asubuhi Ottavio alikuta lipu aliyoziba jana imeanguka chini. Aliitazama muda mrefu, akiwa ameshika mwiko bila kufanya nao kazi.

"Joto tu," alisema Merle.

"Joto hupasua, Bi Merle. Halisukumi." Ottavio alishusha sauti. "Hii imesukumwa kutoka ndani."

Merle alipotaka kuvaa viatu vyake vya bustani alikuta cha kushoto hakipo. Vya kanisani, hali kadhalika. Alipanda juu. Katika chumba cha dohani, sakafuni, viatu vyote vya kushoto vya nyumba nzima vilikuwa vimepangwa mstari mmoja, ncha zikitazama ukuta. Kamba zote zilikuwa zimefunguliwa. Aliinama akatia mkono ndani ya kimoja. Kilikuwa na joto.

Alivibeba vyote akavirudisha chini, akaviweka kabatini na kufunga kwa ufunguo. Kisha akanywa chai yake na vijiko viwili vya sukari, kwa hasira.

Mchana, jua likiwa utosini, kitu kilianza kutembea ghorofani. Ko. Kimya. Ko. Kimya. Mguu mmoja ndio uliosikika. Ule mwingine haukugusa sakafu.

Alhamisi, Noelene wa nyumba ya mkabala alivuka barabara na mbwa wake. "Shoga, hongera! Kumbe umelitoboa lile dirisha kipofu. Wahifadhi wamekuruhusuje?"

"Nani amekwambia nimetoboa?"

"Ah, usinifiche. Nimemwona mgeni wako asubuhi, kasimama nyuma ya kioo cha chini cha dirisha lile. Nimempungia mkono." Noelene akavuta kamba ya mbwa. "Hakunipungia. Alinionyesha kiatu."

"Binamu yangu huyo," Merle alisema bila kupepesa macho. "Hana adabu."

Alipobaki peke yake alipanda ngazi kumi na tisa, akizihesabu kwa sauti ili magoti yasikie nani mkubwa. Viatu vilikuwa vimerudi ukutani. Ufunguo wa kabati ulikuwa bado mfukoni mwake. Karatasi ya ukutani ilikuwa imelowa unyevu wenye umbo la tao, tao lile lile la dirisha lililoko upande wa pili.

"Sikiliza wewe," Merle alinong'ona. "Nimezaliwa chumba kile pale. Mama yangu amefia kile kingine. Mimi sitolewi humu na mpwa wangu, wala sitatolewa na moshi."

Ukuta ukavuta pumzi. Karatasi ilibonyea ndani, ikarudi.

"Nani?" uliuliza ukuta, polepole. "Nani?"

Ijumaa asubuhi kulikuwa kimya. Merle alipanda akijua atakalolikuta. Safari hii viatu vingi vilikuwa vimetupwa pembeni. Viwili tu vilibaki mbele ya ukuta. Alivigusa, na vyote viwili vilikuwa na joto.

Cha kwanza kilikuwa kiatu chake cha bustani. Cha pili kilikuwa kiatu cheusi cha shule, kidogo, ambacho alikuwa amesahau kwamba bado kimo ndani ya sanduku la kabatini. Kilikuwa cha Glenn. Alipokuwa na miaka tisa mama yake aliugua mwaka mzima, na Glenn akaishi humo na shangazi yake.

Kwa hiyo kitu kilikuwa kimechagua wawili, na kilikuwa kinamwachia yeye amalizie kuchagua.

Merle aliketi kwenye kitanda cha chumba kile, kiatu cha shule mapajani. Acheni nimsemee ukweli: aliwaza. Aliwaza Glenn na fomu zake. Aliwaza Glenn akichechemea kuingia garini, asijue kwa nini, na huku yeye Merle akimpandia mtathmini ngazi kwa miguu miwili mizima. Ingekuwa rahisi mno. Hakuna ambaye angejua, na lingekuwa limemfika aliyejitakia.

Akatazama kamba. Kila asubuhi mwaka ule mzima alipiga magoti akamfunga kamba hizi, kwa sababu mtoto alikuwa halali usiku na vidole vyake vilikuwa vinatetemeka asubuhi. Kila asubuhi aliuliza, "Shangazi, mama atapona?" Na Merle kila asubuhi alisema atapona.

"Mjinga wewe," Merle alimwambia Glenn asiyekuwepo, na machozi yalikuwa yakimtoka. Alikitupa kile kiatu sandukuni, akachukua chake, akashuka.

"Ottavio, nishikie ngazi."

"Ngazi gani?"

"Ya jukwaa. Napanda."

"Mama, una wazimu? Nipe mimi nikitie."

"Lazima mwenye mguu akitie mwenyewe. Shika ngazi, na uweke chokaa tayari."

Ottavio alimtazama, akatazama kiatu, akatazama kishimo. Bibi yake Ottavio naye alikuwa akitema mate pembeni kila anapopita kisima fulani. Alishika ngazi kwa mikono miwili.

Merle alipanda. Ilikuwa saa saba na nusu, jua kali, hakuna kivuli mtaani. Alifika juu, akasimama uso kwa uso na dirisha kipofu. Tangu azaliwe hakuwahi kulisogelea hivyo. Rangi nyeusi ya kioo ilikuwa imechubuka. Aliweka kiganja juu yake.

Ilikuwa baridi. Ilikuwa laini. Ilikuwa kioo.

Upande wa ndani, kiganja kingine kikaja kikatulia juu ya chake.

"Nani?" ilinong'ona sauti.

"Merle," alisema. "Merle Trembath. Huu mguu umetembea miaka sabini na minane. Umepanda minara, umecheza dansi, umempiga teke mwalimu mkuu mara moja. Ni mzuri kuliko wote utakaopata. Ingia, mwizi wewe."

Alikisukuma kiatu ndani ya kishimo, akauacha mkono humo humo.

Kioo kilifuka mvuke. Kitu kilipita. Kilipita kati ya vidole vyake, kirefu, bila mwisho, kikiwa na harufu ya masizi ya zamani. Kiatu kikawa kizito. Kamba zikajikaza zenyewe. Fundo likajifunga.

Mguu wake wa kushoto ukazimika. Haukuuma. Ulikuwa tu haupo tena, kuanzia kifundoni kwenda chini.

"Ziba," alisema.

Ottavio alikuwa ameshapanda. Alipiga chokaa mwiko mmoja, miwili, mitatu, midomo ikisali. Rangi nyeusi ya dirisha ikarudi kuwa rangi.

Ndipo mlango wa gari ukabamizwa barabarani.

"Shangazi!" Glenn alipiga kelele. "Shuka huko! Shuka!" Kando yake alisimama mwanamke mfupi mwenye kabrasha. Walikuwa wamewahi.

"Nakagua kazi ya fundi," Merle alijibu kutoka juu. "Usipomkagua anaimba tu."

Alishuka ngazi ya jukwaa akiutundika mwili kwa mikono, mguu wa kushoto akiupachika kwenye kila kipandio kwa macho kwa kuwa hakuusikia. Ottavio alitangulia chini yake, akiwa ameegemeza bega kwa siri. Alipofika ardhini alikuwa amelowa jasho, lakini alikuwa anatabasamu.

Mtathmini aliitwa Mu Paw, wa kabila la Karen, mmoja wa wale waliotoka Burma wakafanya Bendigo kwao. Mlangoni aliinama akavua viatu vyake, kama afanyavyo kwao.

"Samahani, Bibi. Siwezi kuingia nyumba ya mtu na viatu."

"Vizuri sana," alisema Merle, ambaye alikuwa na kiatu kimoja tu mguuni na alikuwa hajajua atasema nini. Alikivua haraka. "Humu sote ni hivyo. Glenn, vua."

Walizungumza jikoni. Merle alitaja tarehe, mwezi, akapunguza saba saba kutoka mia hadi akaambiwa inatosha. Kisha Mu Paw akafunga kalamu.

"Naomba nione ukipanda ngazi, Bibi. Kupanda na kushuka. Mimi nitasimama hapa chini."

Glenn alitazama sakafu.

Ngazi zilikuwa zimejaa unga mweupe wa chokaa ulioingia kwa upepo wa wiki nzima. Zilikuwa kumi na tisa. Kishikio kilikuwa upande wa kulia pekee. Upande wa kushoto kulikuwa na ukuta mtupu uliochorwa kuwa marumaru.

Merle alianza. Mguu wa kulia. Kisha ule ambao haupo. Aliurusha, ukafika, hakujua umefika. Mbili. Tatu. Alianza kuongea ili wasimtazame miguu. Alisimulia jinsi marumaru inavyochorwa kwa unyoya wa ndege. Kwenye ngazi ya tisa mwili uliyumba kwenda kushoto, kwenye utupu, na akaona wazi kabisa kitanda cha nyumba ya wazee, dirisha lake dogo, maegesho ya magari nje.

"La," alisema huku ameuma meno. "Sitaki."

Mwili ukanyooka. Hakujua umenyookaje. Akafika kumi na tisa. Akageuka. Akashuka zote huku akisimulia habari za mitungi ya juu ya paa, na alipokanyaga chini Glenn alikuwa na macho mekundu.

"Umepanda vizuri, Shangazi," alisema kwa sauti ndogo. "Nilidhani... Sijui nilidhani nini."

"Ulidhani nimezeeka. Nimezeeka. Kula pasti."

Barua ilifika baada ya wiki moja. Wiki hiyo Merle alikuwa akilala kwenye kochi la chini, maana mguu ulikuwa mzito, na hakuwa amepanda ghorofani hata mara moja. Ghorofani kulikuwa kimya. Alikuwa ameukubali mkongojo wa Bibi Loveday, akamwambia Glenn kwamba amejikwaa. Aliifungua barua amesimama, kwa kuwa hakutaka kusomewa hukumu akiwa amekaa.

Mteja anaweza kuendelea kuishi nyumbani kwake, barua ilisema. Merle alipiga meza kwa kiganja, akacheka peke yake hadi Noelene akachungulia kutoka upande wa pili wa barabara. Kisha akageuza ukurasa. Chini ya kichwa cha mapendekezo kulikuwa na mistari miwili.

"Mteja haishi peke yake, jambo ambalo ni jema. Mtoto wa kike wa miaka kama mitatu alimshika mkono ngazi zote, kupanda na kushuka, lakini mtoto huyo alikuwa na kiatu kimoja tu. Inashauriwa avae vyote viwili, asije akateleza."

Merle aliiweka barua chini. Alichukua mkongojo, akaenda hadi mwanzo wa ngazi, akawasha taa ingawa ulikuwa mchana.

Unga wa chokaa ulikuwa haujaguswa tangu Ijumaa ile. Nyayo zake zilipanda katikati, za soksi, ule wa kushoto ukiburuta kidogo kila ngazi. Na kando ya ukuta mtupu kulikuwa na nyayo nyingine, ndogo, zikipanda naye na kushuka naye. Wa kulia ulikuwa wa kiatu. Wa kushoto ulikuwa wa mguu mtupu, vidole vitano vidogo, vimekandamizwa sana kwenye ngazi ya tisa.

Alasiri hiyo Merle alimpigia simu Glenn.

"Kile kiatu ulichowapa wale wa kabati la kioo," alisema. "Nakitaka. Leo. Mwenyewe anakitafuta."

Glenn alikileta jioni hiyo hiyo. Kimewekwa chini ya ngazi, kando ya mlango, mahali mtoto anapoweza kukifikia. Ngazi hazijafagiwa hadi leo, na kila asubuhi kamba za kile kiatu huwa zimefungwa upya.